Jina Chini ya Picha

Kuanzia mwaka 2007, na kwa miaka kama kumi hivi, mchoraji Lubaina Himid alikuwa akilisoma gazeti la The Guardian la Uingereza na brashi iko karibu. Kila alipokuta ukurasa wenye picha ya mtu mweusi aliuweka kando. Baadaye aliufunika sehemu kwa rangi na nakshi, akaiacha picha na vichwa vya habari vilivyo jirani yake vikitazamana. Zikipangwa ukutani kwa makumi, kurasa hizo zinasema jambo ambalo ukurasa mmoja peke yake hausemi. Mwanamichezo aliyeshinda anajikuta kapangwa ubavuni mwa habari ya shari isiyomhusu. Hakuna aliyeandika uongo, na gazeti lenyewe ndilo linalopendwa na Waingereza wanaojiona waungwana katika mambo ya rangi. Himid mwenyewe ni msomaji wake.

Nimepanga kurasa za magazeti kwa miaka mingi, na kazi hiyo ya Himid hunikaa vibaya, kama mgeni aliyepitiliza sebuleni akaingia jikoni. Najua inavyokuwa. Saa tatu usiku mtambo unasubiri, ukurasa wa saba una pengo la safu mbili, habari imefika na picha isiyoenea. Unaikata iingie, unaandika kapsheni ya maneno kumi, unakimbilia daladala ya mwisho. Hukumchukia mtu yeyote. Ila asubuhi maelfu ya wasomaji wanamwona fulani kwa namna ulivyomkata wewe. Nimewahi kumkata mtu asiyestahili kukatwa, na nitafika huko.

Desemba 2017, Himid aliposhinda tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza, simu yangu ilijaa ujumbe wa “wetu huyo!” Kweli, alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa mchanga wa miezi minne, na mama yake, Mwingereza mbunifu wa vitambaa, akarudi naye kwao. Amekulia London, kisha akachora na kufundisha kwa miaka mingi Preston, mji wa zamani wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Magazeti yaliandika kwamba ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na pia mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia, miaka 63. Sifa hizo mbili ziliwekwa pamoja kama maua mawili kwenye chupa moja. Sikuona aliyeuliza kama ya pili haikuletwa na ya kwanza: kwamba mtu huyu alifika akiwa na mvi kwa sababu mlango ulikaa umefungwa muda wote huo.

Turudi nyuma kidogo. Tuzo ya Turner ilianza mwaka 1984. Mwaka uliofuata Himid, akiwa na miaka thelathini na moja, aliandaa maonyesho katika jumba la sanaa la ICA, London, kwenye barabara inayoelekea kasri la Buckingham. Yalikuwa ya tatu ya wanawake weusi aliyoyaandaa ndani ya miaka kama miwili. Yaliyotangulia yalikuwa ya wanawake weusi watano katika ukumbi wa Africa Centre mwaka 1983, na mengine Battersea. Safari hii walikuwa wanawake kumi na mmoja, yeye akiwemo. Jumba lilikuwa na kumbi nzuri, lakini wao hawakupewa ukumbi. Walipewa korido. Himid akayaita maonyesho kwa jina ambalo kwetu lingekuwa “Mstari Mwembamba Mweusi”, na kweli kazi zao zilijipanga kama mstari kwenye kuta za njia ambako watu walipita wakielekea kwingine.

Msomaji wa huku huenda akashangaa kumkuta kwenye orodha ile Sutapa Biswas, mzaliwa wa Santiniketan, India. Uingereza ya miaka ile neno “mweusi” lilikuwa mwavuli wa kisiasa, likiwakusanya wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia waliokuwa wakinyeshewa na mvua moja. Kwa Mzanzibari, ambaye anaweza kuulizwa asili yake mara tatu kwa siku na akatoa majibu matatu, na yote ya kweli, jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu.

Angalia walikofika watu wa korido. Mwaka 2022 Sonia Boyce aliiwakilisha Uingereza katika maonyesho makubwa ya Venice, banda lake likatwaa Simba wa Dhahabu. Mwaka huohuo Veronica Ryan alishinda Turner, na Ingrid Pollard alikuwa miongoni mwa walioshindana naye. Claudette Johnson aliingia fainali ya tuzo hiyo mwaka 2024. Himid naye akateuliwa kuiwakilisha Uingereza Venice mwaka 2026. Watu waliokuja kuzoa heshima kubwa za sanaa ya nchi nzima walikuwa wamebanwa kwenye njia moja ya kupitia, wakati wakosoaji wengi wakipita. Mwaka 2025, baada ya miaka 40, ICA iliwaita tena. Maud Sulter alikuwa amefariki mwaka 2008, na Brenda Agard mwaka 2012.

Ipo kanuni moja ndogo ambayo inanifundisha zaidi kuliko hotuba zote za ubaguzi. Kuanzia 1991 hadi 2016 tuzo ya Turner haikumruhusu msanii aliyefikisha miaka 50 kushindana. Walioitunga hawakuwa na nia mbaya, walitaka kuinua vijana. Kanuni ya namna hiyo haimtaji mweusi wala mweupe, mwanamke wala mwanamume. Lakini msanii ambaye milango ilichelewa kumfungukia, kwa rangi yake, au kwa kulea, au kwa kufundisha ili apate kula, huvuka hamsini akiwa ndiyo kwanza anaanza kuonekana. Himid alitimiza miaka 50 mwaka 2004. Kwa kanuni ile alikuwa amekwisha kabisa. Ilifutwa kwa tuzo ya mwaka 2017, naye akashinda mwaka huohuo.

Na mwaka 2004 ndio alioonyesha, mjini Newcastle, kazi ninayoiona kubwa kuliko zake zote. Ni watu mia moja waliochorwa kwenye mbao na kukatwa kwa kimo cha binadamu, wamesimama ukumbini kama wageni wa harusi waliofika kabla ya mwenyeji. Wapo wapiga ngoma, mafundi viatu, wafinyanzi, wachora ramani, waganga wa mitishamba, na hata wafunza mbwa. Hao ndio Waafrika waliopelekwa utumwani katika majumba ya kifalme ya Ulaya, wale unaowaona pembeni kwenye michoro ya zamani, wameshika sinia la matunda au mwavuli wa bibi. Himid amewatoa pembeni, akampa kila mmoja nguo za rangi kali, na mgongoni akambandika karatasi ya hesabu kama ya karani wa duka. Humo mna jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na anayofanyishwa sasa. Kazi hiyo, ambayo jina lake ningelitafsiri “Kuzitaja Pesa kwa Jina”, sasa imo katika makumbusho ya utumwa ya Liverpool.

Kwetu Pwani, tukiisoma kazi hiyo kama habari za Wazungu na watumwa wao, tutakuwa tumesoma ukurasa mmoja. Feruzi ni jiwe la thamani, Mabruki ni aliyebarikiwa. Hayo ni majina waliyopewa watumwa katika nyumba za Unguja na mrima, na waliopewa walikuwa na majina mengine, ya Kiyao, ya Kinyasa, ya Kimanyema, ambayo hakuna karani aliyeyaandika. Wajukuu wao wapo, tunapanda nao boti moja. Nilitamani siku moja watu wale mia wa mbao wasimame Mji Mkongwe, hata kwa wiki mbili, tuone wenyeji wangeanza kuzungumza nini.

Narudi kwenye neno “wa kwanza”, kwa sababu linaniudhi na nataka kueleza kwa nini. Linamfanya anayelitoa aonekane mkarimu. Jumba limekaa miaka mia bila kumpa mtu kiti, siku linapompa kimoja, linapigiwa makofi kwa kumpa. Tena linaficha kazi ya ukarani iliyotangulia. Maonyesho hayajiandai. Kuna barua za kuomba ukumbi, kuna kubembeleza fundi wa fremu asubiri malipo, kuna kusafirisha picha ndani ya gari la kuazima, kuna kuandika kijitabu ili kesho asitokee mtu akasema hapakuwa na kitu. Kazi hiyo ndiyo iliyowatoa wanawake wale kumi na mmoja. Hawakugunduliwa na mtu. Waliitana wenyewe, wakaandikana majina wenyewe, wakawekeana kumbukumbu mpaka wengine wakakosa pa kuepukia.

Nasisitiza hili kwa kuwa siku hizi mtu akitazama matangazo ya maonyesho ya London na New York anaweza kudhani vita vimekwisha, sura nyeusi zimejaa kila turubai. Desemba 2022 waandishi wawili wa habari za sanaa, Charlotte Burns na Julia Halperin, walitoa utafiti wa makumbusho 31 ya Marekani. Katika vitu vyote ambavyo makumbusho hayo yaliviingiza kwenye hazina zao kati ya 2008 na 2020, kazi za Wamarekani weusi zilikuwa asilimia 2.2. Za wanawake weusi wa Marekani hazikufika hata asilimia moja. Hiyo ni nchi ambayo watu weusi ni kama asilimia 13, na hiyo ndiyo miaka ambayo kila mtu alisema mambo yanabadilika kwa kasi.

Sababu yake haina uchawi. Maonyesho ni ya miezi mitatu, hazina ni ya kudumu, na vitu vingi huingia humo kwa zawadi za matajiri. Tajiri hutoa alichokuwa amekining'iniza sebuleni kwake. Kama marehemu babu yake hakununua picha ya mtu mweusi mwaka 1950, hakuna picha ya kutoa leo. Kwa hiyo makumbusho yanaweza kubadilisha mabango nje kila msimu, na huko ghala chini mambo yakabaki yaleyale.

Soko nalo lina mambo yake. Mwaka 1997 shirika la umma la Chicago lilinunua picha ya mchoraji Kerry James Marshall yenye watu weusi wakipumzika bustanini, kwa dola 25,000. Mwaka 2018 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 21.1. Sheria ya Marekani haimpi mchoraji senti katika mauzo kama hayo. Kenya, ilipoirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, iliweka haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena. Ni jambo zuri, ila sheria hiyo inahitaji minada, na minada inahitaji wanunuzi wa humu humu. Kwa sasa wachoraji vijana wa Kiafrika wameonja bei zikipanda kama unga wa Machi kisha zikashuka ghafla, na waliopata faida kubwa ni waliouza mapema.

Lakini tusitazame tu nyumba ya jirani. Mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA la New York lilinunua picha ya Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na London. Alikuwa ameichora mwaka 1956: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mbege yetu ile, New York, kabla hatujapata uhuru. Baadaye Ntiro akawa mwakilishi wa Tanganyika London. Nimewauliza walimu wa sanaa watano kama wanalijua jina lake. Wawili walilijua, na mmoja wao ni kwa sababu wanatoka tarafa moja.

Au chukua Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa kwenye hadibodi, akiuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya uchoraji. Ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo wake, na leo hii ndio sura ya uchoraji wa Tanzania kwa dunia nzima. Nenda kwenye duka lolote la zawadi Unguja, chagua twiga au pomboo, saizi imekatwa iingie ndani ya begi la mgeni. Muulize muuzaji ni nani aliyechora. Atakujibu, “Tingatinga.” Mtu aliyekufa zaidi ya miaka hamsini iliyopita ndiye anayechora zote, na aliyeketi nyuma ya duka na kopo la rangi hana jina. Hapo hakuna Mzungu wa kumlaumu.

Himid amechora kanga. Amechukua umbo lake lote, pindo pembeni, mji katikati, na maneno mahali pa maneno. Mwanamke yeyote wa Pwani angeweza kumsifu au kumsahihisha, lakini kazi hizo hutazamwa zaidi na watu wasiojua kwamba kanga huvaliwa makusudi siku fulani ili jirani wa mlango wa pili asome. Kuna kicheko kinapotea njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuitembelea tena Zanzibar, alichora pia mfululizo wa picha alioupa jina la kisiwa hicho. Tungepewa hata moja leo, kikao cha kwanza kingekuwa cha kutafuta ukuta usiovuja.

Jambo hili la msanii kukosa nafasi nyumbani kwake, Wakenya walilionja kwa uchungu zaidi. Venice ni kama Sabasaba ya sanaa, kila nchi na banda lake. Mwaka 2013 banda la Kenya lilifunguliwa, na wengi wa waliokuwa ndani walikuwa wasanii wa China na Italia, Wakenya wawili. Mwaka 2015 ikakaribia kurudiwa vilevile. Safari hii wasanii wa Nairobi walipiga kelele mpaka waziri akalikana banda hilo. Michael Soi, ambaye haachi jambo lipite bila kulichora, akatoa mfululizo mzima wa picha kuhusu aibu ya Venice. Na kejeli ni kwamba mwaka huohuo maonyesho makuu ya Venice yaliongozwa na Okwui Enwezor, Mnigeria, Mwafrika wa kwanza kuyaongoza, na ndani yake alikuwamo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Dunia ilikuwa imemwona Mkenya. Banda la kwao lilikuwa halimwoni. Afadhali mambo yamesogea: mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo na ikatajwa kwa heshima na majaji, na mwaka 2024 Tanzania nayo ikapata banda lake la kwanza. Michael Armitage, mchoraji ambaye turubai lake ni lubugo, gome la mti la Uganda, hakuishia kuuza ghali London. Alirudi Nairobi kuanzisha taasisi ya kuonyesha na kutunza kazi za wachoraji wa ukanda huu, na mwaka 2021, alipopewa kumbi katika Royal Academy, aliwaingiza pamoja naye wazee waliomtangulia, akina Elimo Njau na Theresa Musoke. Huko ni kufanya alichofanya Himid kwenye korido.

Sasa nimefika kwenye kosa langu. Ilikuwa miaka ya tisini, Dar es Salaam. Ubalozi mmoja ulifungua maonyesho ya mchoraji kijana. Picha iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa na balozi na mkasi, katibu mkuu akitabasamu, meneja wa kampuni iliyotoa vinywaji, na kushoto kabisa mchoraji mwenyewe akiwa ameshika ncha ya utepe. Nafasi ilikuwa safu moja na nusu. Nikakata kushoto.

Kesho yake kijana alikuja chumba cha habari na nakala tano alizozinunua kwa hela yake. Hakuja kugomba. Alilitandaza gazeti juu ya meza yangu, akaweka kidole penye ukingo wa picha, ambapo vidole vinne na ncha ya utepe vilikuwa vimesalia.

“Huu mkono ni wangu, kaka,” akasema.

Nikamwambia tutasahihisha. Hatukusahihisha, na hakurudi kudai.

Wiki iliyopita nilikichimbua kile kipande cha gazeti. Ukitazama vizuri unaona rangi kwenye kucha, nadhani ni ya bluu, ingawa wino umefifia. Kapsheni nimeiandika mimi, majina matatu na vyeo vyao, la kwake halimo. Nikampigia mpiga picha wa siku ile, amestaafu yuko Tanga. Anasema negativu zote zilitupwa ofisi ilipohama. Shati la yule kijana analikumbuka, lilikuwa la kitenge, na alikuwa mtu wa kucheka sana. Jina hakulikumbuka, na mimi pia.